Lazima kwa Nani? Kutoka Kipande cha Shingoni hadi Huduma Namba

Leo tuache kidogo habari za programu mpya na simu mpya. Nataka tuzungumze kuhusu makaratasi. Ndiyo, makaratasi! Najua wengi wenu, hasa mnaoandika programu kama mimi, mkisikia maneno "sera ya usalama wa taarifa" mnaanza kupiga miayo. Vumilieni kidogo. Ndani ya makaratasi hayo kuna swali moja lililowagusa babu zetu, likatugusa sisi, na litawagusa watoto wetu: hili ni lazima, ama ni ushauri tu?

Swali hili nililisikia sana kwetu Marani, huku Kisii, mwaka 2019 wakati wa usajili wa Huduma Namba. Sokoni, ndani ya matatu, kwenye foleni, lilikuwa lile lile: "Hii kitu ni lazima ama ni hiari?" Kila mtu alikuwa na jibu lake. Nitafika huko. Kwanza tuelewane kuhusu maneno.

Taasisi yoyote inayoweka taarifa za watu, iwe benki, hospitali au chama cha akiba na mikopo cha wakulima wa chai, huwa na hati za tabaka nne. Juu kabisa kuna sera, inayosema wakuu wameamua nini: kwa mfano, taarifa za wanachama zitalindwa. Chini yake kuna viwango, vinavyotaja kipimo: nakala ya akiba itachukuliwa kila siku, neno la siri litakuwa na herufi kadhaa. Kisha kuna taratibu, yaani hatua kwa hatua nani anafanya nini. Hizo tatu zinafunga, ukizikiuka utaulizwa. Ya nne ni mwongozo. Huo unakuambia wenzako waliotangulia wameona njia gani ni nzuri. Ukiwa na sababu ya maana unaweza kupita njia nyingine na hakuna atakayekushtaki.

Kwenye kitabu mpango huo unapendeza. Shida ni kwamba jina lililoandikwa kwenye jalada halisemi kweli kila mara. Kuna "miongozo" inayofunga kama pingu, na kuna "sera" ambazo hazijafunguliwa tangu siku zilipotiwa sahihi.

Kiswahili chetu kina maneno ya kutosha ya kutenganisha mambo haya. Tunasema sharti, tunasema yafaa, tunasema waweza. Watu wa Pwani wana faradhi na suna: ya kwanza usipoifanya una deni, ya pili ukiifanya umepata ziada. Wahandisi wa intaneti nao walilazimika kuyaweka maneno yao sawa. Mwezi Machi 1997 Scott Bradner wa Chuo Kikuu cha Harvard alitoa hati fupi iitwayo RFC 2119, kurasa chache tu, inayoeleza maana ya MUST, SHOULD na MAY katika hati za kiufundi. La kwanza ni sharti, halina mjadala. La pili ni yafaa: panaweza kuwa na sababu halali ya kutolifuata, lakini sharti kwanza uelewe madhara na kuyapima. La tatu ni waweza, chaguo lako. Mei 2017 ikaja hati nyingine, RFC 8174, kusema kwamba maneno hayo yana uzito huo maalumu pale tu yanapoandikwa kwa herufi kubwa. Miaka ishirini, na watu wazima bado wanajadili herufi kubwa! Msicheke. Mashine moja ikidhani jambo ni amri na nyingine ikidhani ni ushauri, hazitasikilizana.

Lakini baada ya kusoma historia yetu wenyewe, nimeona kuna swali jingine linalopaswa kuulizwa pamoja na hilo la "lazima au hiari". Nalo ni hili: lazima kwa nani?

Tuanze na kipande. Mkoloni alipitisha sheria ya kuwaandikisha wenyeji mwaka 1915, lakini kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza utekelezaji ulisubiri hadi vita vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kujiandikisha, kuchukuliwa alama za vidole, na kubeba cheti chake. Cheti kiliwekwa ndani ya kikebe cha chuma, na wengi walikivaa shingoni. Humo mliandikwa jina la mtu, mahali alikotoka, mwajiri wake, na lini alianza na kuacha kazi. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, usingeweza kwenda kutafuta kazi kwingine kihalali. Ukikamatwa huna kipande, ni faini au jela. Wanaume wa Kisii waliotoka milimani kwenda kufanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho walikijua vizuri kikebe hicho. Harry Thuku na wenzake walikipinga waziwazi, na tarehe 16 Machi 1922, baada ya Thuku kutiwa mbaroni, watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi.

Mimi kama mtengenezaji wa programu nikikitazama kipande naona mfumo wa taarifa. Una namba ya utambulisho, una alama za vidole, una kumbukumbu kuu ofisini na nakala shingoni mwa mtu. Sasa utafute ulinzi wa taarifa humo. Ni wapi palipoandikwa kwamba sharti mwajiri asiandike uongo? Ni wapi palipoandikwa kwamba mwenye kipande ana haki ya kurekebisha kilichoandikwa juu yake, au kwamba karani akiitumia vibaya kumbukumbu ataadhibiwa? Masharti yalimwangukia anayetoa taarifa. Kwa anayezishika, mengi yaliachwa kwenye busara yake.

Sheria mpya ya kuandikisha watu ilitungwa mwaka 1947, safari hii ikigusa watu wa rangi zote, na kutokana nayo tukaja kupata kitambulisho tunachokijua. Kikebe kilitoka shingoni. Mpangilio wa nani analazimishwa na nani anashauriwa haukubadilika sana.

Mnakumbuka miaka ya kwanza ya kutuma pesa kwa simu, huduma iliyoanza Kenya mwezi Machi 2007? Kwa mawakala wengi kulikuwa na kitabu kikubwa juu ya kaunta. Unaandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kiasi cha pesa, na unatia sahihi. Wakati unaandika, macho yako yanasoma ukurasa mzima: jirani ametoa shilingi ngapi, mwalimu ametuma wapi. Nimesimama mbele ya vitabu vya aina hiyo mara nyingi, Marani na kwingineko. Kutoa namba ya kitambulisho kulikuwa lazima, bila hiyo hupewi pesa. Kuufunika ukurasa usisomwe na aliye nyuma yako? Hiyo ilikuwa hisani ya wakala.

Wakati huo huko nje hati za usalama wa taarifa zilikuwa zinapita safari yake, na inafaa tuijue kwa sababu baadaye ilifika kwetu. Uingereza walitoa kiwango cha BS 7799 mwaka 1995. Kilikuwa kanuni za utendaji mwema, na lugha yake ilikuwa ya "yafaa": yafaa uwe na sera, yafaa ufunge mlango wa chumba cha kompyuta. Ushauri mzuri, lakini huwezi kumkagua mtu kwa ushauri. Ukimuuliza kwa nini hakufunga mlango atakujibu kwamba alifikiri na akaona si lazima. Ndiyo maana mwaka 1998 ikaongezwa sehemu ya pili iliyoandikwa kwa lugha ya "sharti", ili mkaguzi aweze kusema umefaulu au umeshindwa. Sehemu ya kwanza ndiyo mama wa kiwango cha kimataifa ISO/IEC 27002, na ya pili ndiyo iliyozaa ISO/IEC 27001 mwaka 2005. Hadi leo zinakwenda pamoja: moja inadai, nyingine inaelekeza.

Marekani kulitokea jambo la kuchekesha zaidi. Taasisi yao ya viwango, NIST, ilitoa mwaka 2005 hati iitwayo SP 800-53, ambayo kwenye jina lake ilijieleza kuwa hatua za usalama "zinazopendekezwa" kwa mifumo ya serikali kuu. Mapendekezo tu! Halafu Machi 2006 ikatoka hati nyingine fupi, FIPS 200, yenye nguvu ya sheria, ikasema mashirika ya serikali kuu sharti yatumie hatua zilizomo kwenye ile SP 800-53. Mapendekezo yakawa amri bila jalada lake kubadilishwa. Ni katika toleo la 2013 ndipo neno "zinazopendekezwa" lilipoondolewa kwenye jina.

Turudi nyumbani. Agosti 2017 Benki Kuu ya Kenya ilizitumia benki hati juu ya usalama wa mtandao. Jina lake kwa Kiswahili chepesi ni "dokezo la mwongozo". Ukisikia hivyo utadhani ni ushauri wa mjomba. Fungua ndani sasa: imetolewa chini ya kifungu cha 33(4) cha Sheria ya Benki, kinachoipa Benki Kuu uwezo wa kutoa miongozo ambayo benki zinapaswa kuifuata. Inazitaka benki ziwe zimewasilisha sera na mikakati yao ya usalama wa mtandao kufikia tarehe 30 Novemba 2017. Inazitaka ziripoti tukio kubwa la kimtandao ndani ya saa 24. Mwongozo wa namna gani huo wenye saa mkononi? Mwaka 2019 ikafuata hati nyingine kwa watoa huduma za malipo, yaani wale wa pesa kwenye simu zetu.

Bunge letu lenyewe lilikuwa limeshatambua mchezo huu wa majina. Sheria ya mwaka 2013 inayohusu hati zinazotungwa chini ya sheria nyingine inaorodhesha aina za hati hizo: kanuni, amri, maagizo, sheria ndogo, na miongozo pia imo. Maana yake ni kwamba hati yoyote iliyotokana na uwezo uliotolewa na sheria inahesabiwa humo hata kama imejiita mwongozo. Na kila hati ya namna hiyo inapaswa kufikishwa Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, la sivyo inapoteza nguvu. Kwa hiyo si halali kumfunga mwananchi kimyakimya kwa karatasi yenye jina la upole.

Sasa tufike Huduma Namba. Mwishoni mwa 2018 Bunge liliirekebisha ile sheria ya kuandikisha watu, ndani ya muswada mmoja uliobeba marekebisho mengi mchanganyiko, na kuanzia Januari 2019 serikali ikawa na uwezo wa kujenga hifadhidata moja ya watu wote nchini. Sheria iliruhusu hata kuchukua DNA na vipimo vya setilaiti vya mahali mtu anapoishi. Wakati huo Kenya haikuwa na sheria ya kulinda data. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, ilikuwa imetupa haki ya faragha, lakini miswada ya kuitekeleza haki hiyo ilikuwa imekwama miaka na miaka. Mnaona? Tumerudi kwenye kipande: mwananchi ana sharti la kutoa, serikali ina ahadi ya kutunza.

Jukwaa la Haki za Wanubi na wenzao walikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 1 Aprili 2019 majaji watatu, Mumbi Ngugi, Pauline Nyamweya na Weldon Korir, walitoa amri ya muda. Serikali inaweza kuendelea kusajili, lakini isimlazimishe mtu, isiweke tarehe ya mwisho, isimnyime mtu huduma kwa kukosa namba, isichukue DNA wala vipimo vya makazi, na isizigawe data kwa wengine. Usajili wa nchi nzima ulizinduliwa siku iliyofuata. Hata hivyo tarehe ya mwisho ilitangazwa, kisha ikasogezwa mbele, na foleni zikarefuka.

Siku hizo mama mmoja mzee, jirani yetu Marani, aliniuliza lile swali. Nikamwambia, "Mama, mahakama imesema ni hiari." Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye nisiyeelewa. "Mahakama iko Nairobi, mwanangu. Hospitali iko hapa." Akaenda kupanga foleni.

Jibu lake limenifunza zaidi ya vitabu vingi vya usalama wa taarifa. Kwa mtu wa kawaida jambo huwa lazima pale anapoogopa kunyimwa kitu akikataa. Sheria inaweza kusema hiari na jaji akasema hiari, lakini kama hakuna anayeona adhabu kwa atakayemnyima dawa, ile hiari kwake ni ya kwenye gazeti.

Kesi ikaendelea. Sheria ya Kulinda Data ilianza kutumika tarehe 25 Novemba 2019. Hukumu ikatolewa tarehe 30 Januari 2020: vipengele vya DNA na vipimo vya makazi vilikiuka Katiba, na mpango uliobaki ungeweza kuendelea kwa sharti kwamba kwanza uwekwe mfumo kamili wa kisheria wa kuulinda. Mwezi Novemba mwaka huo Kamishna wa kwanza wa Data, Immaculate Kassait, aliapishwa, na siku chache baadaye, tarehe 18, serikali ikaanza kutoa kadi.

Hapo ndipo karatasi moja iliposimamisha msafara. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Kulinda Data kinasema kwamba kabla ya kuanza kazi inayoweza kuhatarisha sana haki za watu, anayeshika data sharti afanye tathmini ya athari. Katika ofisi nyingi tathmini ya aina hii huchukuliwa kama pambo: "tutaiandika baadaye." Serikali haikuwa imeifanya. Tarehe 14 Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah alibatilisha uamuzi wa kutoa kadi na kuagiza tathmini ifanyike kwanza. Akasema pia kwamba sheria hiyo inazigusa hata data zilizokusanywa kabla haijatungwa. Sasa neno sharti lilikuwa limemwangukia anayeshika taarifa, naye ni serikali yenyewe! Serikali iliyoingia 2022 haikuendelea na Huduma Namba. Mwaka 2023 ilileta Maisha Namba, nayo ikafikishwa mahakamani mwaka huo huo.

Si serikali peke yake. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna ilizitoza faini taasisi tatu. Kubwa kuliko zote, shilingi 4,550,000, iliiangukia shule iliyochapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Walimu wakuu wanaobandika picha za watoto kila mahali, mmesikia?

Je, basi tugeuze kila kitu kiwe sharti? Hapana, na hapa napenda niwe mwangalifu. Kwa miaka mingi ofisi ziliwalazimisha wafanyakazi kubadilisha neno la siri kila baada ya siku 30 au 90. Matokeo mnayajua: neno lile lile na tarakimu mpya mwishoni, au karatasi imebandikwa kwenye kioo cha kompyuta. Mwaka 2017 NIST wakashauri kwamba haifai kumlazimisha mtu kubadilisha bila dalili ya kuvuja. Katika toleo la 2025 wakaligeuza kuwa katazo kamili. Sharti lililowekwa bila kufikiri linaharibu usalama lililotaka kuuleta. Ushauri una mahali pake: pale ambapo aliye kazini anaona hali vizuri kuliko aliyeandika karatasi.

Kwa hiyo ukiletewa hati yoyote ya usalama wa taarifa, acha jina la jaladani na uulize mambo matatu. Kwanza, vitenzi: inasema sharti, yafaa, au waweza? Pili, nguvu: imetolewa na nani, chini ya sheria gani au uamuzi upi? Tatu, ambalo ndilo tunalolisahau: kila sharti linamwangukia nani, na asipotimiza atafanywa nini?

Mimi nikitengenezewa orodha ya mahitaji ya mfumo wa chama kidogo, huchora safu mbili. Upande mmoja naandika yote ambayo mwanachama sharti atoe: jina, kitambulisho, simu, alama ya kidole. Upande wa pili naandika yote ambayo chama sharti kifanye juu ya taarifa hizo, na jina la mtu atakayejibu kisipofanya. Safu ya kwanza ikiwa ndefu na ya pili imejaa "yafaa" tupu, siandiki hata mstari mmoja wa programu kabla hatujakaa tena na kamati. Jaribuni hivyo na hati za kwenu kazini, halafu mniambie safu ipi ni ndefu. Kwaherini kwa leo, tuko pamoja.